Mwongozo kamili: namna ya kufanya mazoezi ya diagnostiki na kesi za wagonjwa (wanafunzi wa medesini, hii ni yenu)

Wengi wenu munaniandikia kitu kilekile: "Dokta, maswali ya kesi nafanya mingi, kwenye karatasi napata, lakini siku ya turu ya sale (kuzungukia vitanda vya wagonjwa) asistanti akiniuliza huyu mama ana nini na kwa sababu gani, nabaki kimya, ao nasema malaria." Nikiwauliza vile munafanya mazoezi, jibu iko wazi. Munasoma kesi yote kutoka juu mpaka chini, macho inateremuka yenyewe mpaka kwa a, b, c, d, e, munachagua moja, iko sawa, munaenda kwa ingine. Pale umejipima kutambua jibu, haujajipima kulitafuta. Na mugonjwa wa Ndosho, hapa Goma, hatafika na majibu tano imeandikwa kwa fishi yake.

Kwa hiyo hapa chini utaona jambo moja inarudi kwa kila hatua: unaandika mbele ya kuona. Ukiruka hiyo, zingine zote ni kupoteza biki.

## Vitu vya kutayarisha

- Kaye moja kubwa. Karatasi za kutawanyika hapana, zitapotea, na telefone pia hapana, juu kwenye telefone utafuta kile uliandika ukiona kimekuwa uongo.
- Biki mbili, bleu na nyekundu. Bleu ni mawazo yako mbele ya jibu, nyekundu ni kisha jibu.
- Kipande cha karato ya kufunikia.
- Kesi kama kumi za kuanza, zenye ziko na maelezo ya jibu na si herufi tu. Egzame za zamani, vitabu vya biblioteki, PDF zenye umeshusha mapema. Zishushe zote siku moja, usitegemee kuranti na mega ya ile siku.
- Karatasi moja ya vipimo vya kawaida. Kwa labo, chukua za labo ya hospitali yenye unafanya staji. Kwa watoto andika kabisa pumzi: inahesabiwa kuwa ya haraka kuanzia 60 kwa dakika kwa mutoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 mpaka 11, 40 kwa wa mwaka 1 mpaka 5. Wengi wanakosea kesi ya pneumonia juu waliona "46" na hawakuangalia umri.
- Mwenzako mumoja ao wawili. Mukikuwa saba itakuwa kikao, mumoja ataongea na wengine watakubali.

Onyo mbele ya kuanza: ukitaka kutumia kesi ya mugonjwa wa kweli kutoka sale, toa jina, toa avenyu, badilisha umri kidogo, toa kila kitu chenye jirani yake angemutambua. Usipige fishi yake foto uitupe kwa grupu ya WhatsApp. Hiyo ni siri ya mugonjwa, na Goma ni ndogo kuliko vile unafikiri.

## Hatua ya 1: Kata kesi vipande vinne

Omba mwenzako asome kesi yote, kisha aikate: (1) malalamiko peke, (2) anamneze, (3) egzame ya mwili na alama za uhai, (4) labo na picha. Majibu yanabaki kwake. Kama uko peke yako, funika na karato na uteremushe pole pole, lakini ukweli ni kwamba mutu peke yake anajidanganya, jicho linaiba mistari miwili ya mbele.

Sababu ya kukata: kwa sale habari inafika kwa vipande, tena bila mupango. Kesi yenye imeandikwa muzuri imekwisha kukufanyia nusu ya kazi, mwandishi amekuchagulia kile cha maana. Kuisoma yote pamoja ni kama kuangalia mechi yenye unajua tayari imeisha ngapi kwa ngapi.

Nitatumia kesi moja mpaka mwisho. Nimeitunga, si ya mutu. Kipande cha kwanza:

*Mwanamuke wa miaka 24, muuzaji pale Birere, anakuja juu tumbo linamuuma tangu jana na kizunguzungu kinamushika akisimama.*

## Hatua ya 2: Andika kile kinaweza kumuua usiku huu

Mbele ya kuuliza swali hata moja, andika magonjwa matatu ao mane yenye yanaua haraka na yenye yanaweza kuanza hivi. Si yenye unaamini, yenye hauna ruhusa ya kuyasahau. Dakika mbili zinatosha.

Kwa huyu: mimba yenye imejishika inje ya kizazi na imepasuka (GEU), utumbo umetoboka, apendisiti yenye imefika kwa peritonite (infeksio ya tumbo lote), malaria kali.

Kichwa kinashika wazo la kwanza na hakitaki kuliacha. Kama wazo la kwanza ni malaria (na kwetu karibu kila mara ni malaria), kila kitu utasikia kisha utakivuta kwa malaria. Hii orodha fupi inakulazimisha kuacha mulango wazi.

Utajua umefaulu kama mwenzako akisoma orodha yako anaweza kuona kwa kila jina ni kwa nini liko pale. Kama umeandika "sepsis" kwa kila kesi ya kila siku, hiyo si kufikiri, ni zoea.

## Hatua ya 3: Uliza, na uulize kwa Kiswahili

Sasa andika maswali yako sita ao nane kwa bleu, kisha mwenzako mwenye ameshika kesi anajibu kama yeye njo mugonjwa. Anajibu tu kile umeuliza. Haukuuliza siku zake za mwezi? Hautazijua. Inauma, lakini njo dawa.

Na usiulize na maneno ya silabusi. Unajua kusema "métrorragie" kwa oditwari, lakini kwa mama wa Majengo utasema nini? Zoea kabisa: "Siku zako za mwisho za mwezi zilikuja lini? Zilikuwa kama kawaida ao kidogo? Unaona damu inje ya siku zako?" Na "tumbo" mutu anaweza kukuambia akimaanisha kutoka chini ya kifua mpaka kwa kinena, donc usiandike chochote mbele hajakuonyesha na kidole kimoja.

Kipande cha pili, kama umeuliza yote: *wiki mbili zilizopita alitibiwa malaria kwa santre, akamaliza vidonge. Anasikia joto kidogo. Maumivu yalianza chini kuume, ghafula, sasa yako tumbo lote. Akilala chali, bega linamuuma. Siku zake zilikuja wiki saba zilizopita. Hizi siku tatu anaona damu kidogo nyeusi, anasema "labda njo zimeanza". Mwaka jana alitibiwa infeksio ya chini.*

Angalia bega. Mwanafunzi anasoma "bega" anaona kelele tu, juu kwa kitabu cha jinekolojia halikuandikwa kwa herufi kubwa. Damu ikimwagika ndani ya tumbo inachokoza diafragma (musuli wa kupumulia wenye uko chini ya mapafu), na neva ya diafragma inatoka kwa shingo, C3 mpaka C5, mahali pamoja na neva za ngozi ya bega. Kwa hiyo mutu anasikia bega wakati shida iko tumboni.

## Hatua ya 4: Sentensi moja

Hapa njo wengi wanaanguka. Funga kila kitu, andika kesi kwa sentensi moja, haizidi mistari mitatu: ni nani, ana hatari gani, imechukua muda gani, na shida kubwa ni gani kwa lugha ya dokta.

Sentensi mbaya: "Mwanamuke wa miaka 24 mwenye anaumwa tumbo, kizunguzungu, joto, bega, damu, na alikuwa na malaria." Hiyo ni orodha ya soko.

Sentensi nzuri, kisha kipande cha tatu kufunguliwa (*joto 37,6; mapigo 118; tansio 90/60; pumzi 24; macho meupe ndani; tumbo gumu na linauma chini, zaidi kuume*): "Mwanamuke kijana wa umri wa kuzaa, amekosa siku zake wiki saba, aliwahi kuwa na infeksio ya chini, ana maumivu ya ghafula ya tumbo ya chini tangu jana, na dalili za kupoteza damu."

Unaona kile kimetokea? "Macho meupe, mapigo 118, tansio 90/60, kizunguzungu" vimekuwa maneno mawili, kupoteza damu. Ukifika pale ugonjwa unajitafuta wenyewe. Kama sentensi yako inaweza kuwa ya wagonjwa kumi tofauti wa sale moja, rudia. Mimi naona afazali mwanafunzi atumie wiki mbili kuandika sentensi tu, bila kutafuta diagnostiki, kuliko kufanya maswali mia ya QCM (yale ya kuchagua a, b, c).

## Hatua ya 5: Ipoteze tatu mpaka tano, na safu mbili

Chora safu: ya kukubali, na ya kukataa. Kila ipoteze (hypothèse, ugonjwa wenye unafikiria) inajaza zote mbili.

GEU yenye imepasuka: kukubali, wiki saba, damu kidogo nyeusi, bega, mapigo mbio, infeksio ya zamani, kukataa, bado hatujui kama kuna mimba. Apendisiti: kukubali, chini kuume, joto kidogo, kukataa, macho meupe na tansio ya chini siku ya pili tu, bega. Kisti ya ovari yenye imepasuka ao imejizungusha: inawezekana. Utumbo kutoboka kwa tifoide: hiyo kwa kawaida inakuja kisha wiki mbili ao tatu za joto, hapa hatuna ile hadisi. Malaria: joto 37,6, na haielezi tumbo gumu.

Safu ya kukataa njo ngumu kuijaza na njo ya maana. Mwanafunzi mwenye safu yake ya kukataa iko tupu ameshaoa diagnostiki yake.

Kwa kila kesi ya hapa kwetu ongeza swali moja pembeni: je, kuna kitu cha kuambukiza chenye kinanilazimisha nimutenge mbele ya kuendelea? Ebola ilifika Goma mwaka 2019, kolera tuko nayo kila mara, na mpox tunaijua. Kwa huyu jibu ni hapana, sawa, lakini uwe umeuliza. Mugonjwa mwenye joto na damu bila kueleweka si wa kuguswa mikono mitupu.

## Hatua ya 6: Chagua vipimo mbele ya kuviona

Mwenzako bado ameficha kipande cha nne. Andika vipimo vitatu tu, na mbele ya kila kimoja: "kikiwa pozitifu nitafanya hivi, kikiwa negatifu nitafanya vile." Kama majibu mawili yanakupeleka kwa kitu kimoja, usikiombe, ni makuta ya mugonjwa.

Hapa nitakaa kidogo, juu njo mahali tunaua kesi. TDR (kipimo cha haraka cha malaria) na Widal (kipimo cha damu cha tifoide).

TDR nyingi zinatafuta protini ya kimelea yenye tunaita HRP2, na hiyo protini inabaki kwa damu wiki kazaa hata kisha dawa kufanya kazi. Huyu mama alitibiwa wiki mbili zilizopita. TDR yake kuwa pozitifu leo haisemi kama maumivu ya leo ni malaria. Ukitaka kujua kama vimelea viko bado, omba GE (goutte épaisse, kuangalia damu kwa mikroskopi). Widal ya mara moja, kwa eneo lenye watu wengi wamekwisha kukutana na salmonela, haisemi kitu kikubwa. Kwa tifoide hemokiltire (kukuza mikrobi ya damu kwa labo) njo yenye uzito, zaidi wiki ya kwanza.

Fanya hesabu hii kwa kaye mara moja katika maisha yako, hautaisahau. Kipimo chenye kinashika 90 kwa 100 ya wagonjwa, na kinasema kweli kwa 80 kwa 100 ya wasio wagonjwa. Chukua watu 100 wenye unafikiri 10 peke wana ule ugonjwa. Kati ya 10, 9 watakuwa pozitifu. Kati ya 90 wazima, 18 watakuwa pozitifu pia, ya uongo. Donc pozitifu 27, wa kweli 9: moja kwa tatu. Sasa chukua watu 100 wenye, kwa hadisi na egzame, unafikiri 60 wako nao. Pozitifu za kweli 54, za uongo 8, kwa jumla 62. Sasa ni karibu 87 kwa 100. Kipimo ni kilekile, masini ileile, mutu wa labo yuleyule. Kilichobadilika ni kazi yako ya hatua ya 2 mpaka 5. Njo maana mutu mwenye ametoka Walikale, kwenye malaria ni nyingi, na joto 39,8 na TDR pozitifu, na huyu wetu na TDR pozitifu, si jibu moja hata kama karatasi za labo zinafanana.

Kwa kesi yetu vipimo vitatu: test ya mimba ya mikojo, ekografi, na hemoglobini pamoja na grupu ya damu. Mwanamuke wa umri wa kuzaa mwenye tumbo linauma anafanyiwa test ya mimba, hata akisema haiwezekani, hata kama mama yake amesimama pale. Kama mama amesimama pale, mutoe kwanza inje na uulize tena.

## Hatua ya 7: Fungua, na uamue kitu cha kwanza utafanya

*Test ya mimba pozitifu. Ekografi: kizazi tupu, maji mengi tumboni. Hemoglobini 9,8. TDR pozitifu. Widal pozitifu.*

Mwanafunzi mmoja kwa wawili atasema "hemoglobini 9,8 si mbaya sana." Mutu akipoteza damu haraka hemoglobini haishuki palepale, anapoteza damu nzima na maji yake, inashuka kisha maji ya mwili kurudi kwa mishipa ao kisha serumu. Mapigo na tansio vimekuambia mapema kuliko labo.

Usimalizie kwa jina la ugonjwa. Andika mambo mane ya nusu saa ya kwanza: njia mbili kubwa za mushipa na maji, damu ya kutayarisha kwa grupu yake (na Rh, juu kama ni negatifu kuna kazi ya ziada), kuita shirurjia sasa hivi, kumueleza mugonjwa na familia kile kinaenda kufanyika. Na uandike kama tansio ingekuwa 60 haungengojea ekografi.

Kesi imefaulu wakati unaweza kusema kwa mdomo, bila kaye, kwa dakika moja: ni nani, ana nini, kwa sababu gani, si nini, naanza na nini. Jipime na saa ya telefone.

## Hatua ya 8: Biki nyekundu

Sasa njo usome maelezo ya jibu. Kosa lako uliandike na aina yake, juu kila aina ina dawa yake:

Haukujua (haukujua habari ya bega): rudi kwa kitabu, ukurasa mumoja, si chapitre yote.

Ulijua lakini haikukuja: kitabu hakitakusaidia. Tengeneza mustari mufupi wa kukuamsha, "tumbo + umri wa kuzaa = test ya mimba", uandike kwa kurasa za nyuma za kaye.

Ulifunga mapema: angalia safu yako ya kukataa, utakuta iko tupu.

Ulisoma vibaya, uliona 18 badala ya 118: punguza mbio.

Onyo: usifute bleu. Na usiandike kwa nyekundu "nilikuwa karibu".

## Hatua ya 9: Geuza kesi

Hii wengi hawaifanyi, na njo yenye inafundisha kupita zote. Badilisha kitu kimoja tu na urudie kuanzia hatua ya 5.

Mama ni wa miaka 58. GEU imetoka, nini inapanda?

Ana sterile (stérilet, kile kidude cha kuzuia mimba) kwa kizazi. Wengi wanaifuta GEU hapo. Sterile inapunguza mimba sana, lakini mimba ikija hata hivyo, hofu ya kuwa inje ya kizazi inapanda.

Mapigo 82, tansio 110/70, test ya mimba negatifu, anatapika. Sasa apendisiti na ovari yenye imejizungusha zinarudi mbele.

Test pozitifu lakini hana damu tumboni, yuko imara kabisa. Je, kila GEU inaenda kwa kisu? Tafuta masharti ya metotreksate (dawa ya kutibu GEU bila kupasua) uyaandike.

Geuzo tatu za kesi moja zinapita kesi tatu mupya zenye umesoma mbio mbio.

## Hatua ya 10: Kurudilia, na kupeleka kwa sale

Rudia kesi kisha wiki moja, kisha mwezi, ukurasa mweupe. Kesi tatu kwa wiki zinatosha. Mwanzoni moja itakula nusu saa ao zaidi, ni kawaida. Na uchanganye: ukifanya kesi kumi za chapitre ya mapafu zikifuatana, unajua tayari ni mapafu mbele ya kusoma, kazi imeisha.

Ukizoea, fika kwa sale dakika kumi na tano mbele ya turu. Chagua kitanda kimoja chenye haujui. Soma malalamiko peke, funika diagnostiki ya kuingilia na kiganja, ongea na mugonjwa kama anakubali, andika sentensi yako na ipoteze tatu. Kisha ngojea asistanti. Kama mumepishana, muulize "ni nini ilikufanya ukatae ipoteze yangu?", usiulize "jibu ni nini?". Wengi wanapenda hilo swali na watakueleza hata kwa koridori. Na kama kwa fishi hakuna mapigo wala tansio ya ile asubui, yapime wewe mwenyewe mbele ya kuandika ipoteze ya kwanza.